Ubao wa Kichwa

Msumari wa kwanza ulipong'oka, tundu lake lilitoa maji.

Hayakuwa mengi. Yalichuruzika kidogo juu ya ubao, na Jamali akayafuta upesi kwa kiganja kabla Habiba hajaona. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, vumbi limeshika kila jani la Lubumbashi, na paa la ukumbi ule halikuwa na tundu hata moja. Alinusa kiganja chake. Kilinuka udongo mbichi na kafuri, ile kafuri wanayopakwa maiti, na akabaki amesimama na mtaimbo mkononi asijue aendelee au arudi nyumbani.

"Papa Jamali, inakatala kutoka?" Habiba aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, mama. Inatoka muzuri."

Habiba alikuwa mshonaji, na ukumbi ule ulikuwa urithi wake yeye na mdogo wake Yassine kutoka kwa baba yao, marehemu Mzee Asumani. Alitaka kuweka cherehani zake humo. Mteremko mkubwa wa mbao uliojaza nusu ya ukumbi ubomolewe, na mbao zake ziende msikitini kuwa sadaka ya makaburi kwa jina la baba yake. Kazi hiyo angempa nani kama si Jamali? Kwa miaka thelathini Jamali ndiye aliyewakatia Waislamu wa mtaa wao mbao za kumfunikia maiti ndani ya kaburi, na hakuwahi kupokea hata faranga. Watu walimsifu kwa hilo. Sifa hizo zilimchoma kila aliposikia, na alizisikia kila Ijumaa.

Ukumbi wenyewe ulianza kama ghala la unga. Miaka sita nyuma, kijana mmoja aitwaye Caleb alimwendea Mzee Asumani akitaka kuugeuza mahali pa kuchezea skeiti, vile vibao vya magurudumu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akampa funguo. Jamali akaujenga mteremko, mrefu kuliko watu wawili, umejikunja vizuri kabisa. Jumamosi vijana walimiminika kutoka mitaa ya Kenya na Kamalondo palepale mjini, wa kanisa na wa msikiti, wasichana kwa wavulana, na mama zao wakajifanya wanauza maandazi nje kumbe wanachungulia. Halafu watoto wakaanza kuanguka. Walianguka mahali pamoja tu, ubao wa saba kutoka juu. Binti mmoja alisema mkono wa baridi ulishika gurudumu lake. Alipovunjika mkono mtoto wa tatu, Caleb alifunga mlango, akaenda kuendesha lori huko kwenye mgodi wa Kinsevere, na hadi leo hataki hata kuutaja ukumbi. Watu walisema mna jini. Jamali aliwaunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwani yeye alijua. Wiki ya kufungua ukumbi mbao zilimpungukia. Katika stoo ya msikiti, ambayo ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwake, mlikuwa na mbao za makaburi matano, zilizonunuliwa kwa sadaka za watu, zimekwisha katwa, na kila moja ameiandika upande wa chini kwa penseli: kichwa, mbili, tatu, mpaka miguu. Alijiambia anaazima tu, atarudisha ndani ya wiki, akazipigilia kwenye mteremko, na ya kichwa ya kwanza ikawa ya saba kutoka juu. Siku ya tatu Mzee Asumani akafariki. Jamali aliwaambia watu kwamba mchwa wamekula mbao zote. Yassine, aliyeshuka kaburini kumlaza baba yake, aliinua mikono akauliza kama inavyoulizwa siku zote, "Ya kichwa iko wapi?" na Jamali akampa kipande cha bati la zamani bila kumtazama usoni. Mwezi huohuo Djamila, mke wa Mwalimu Djuma, alizikwa chini ya mabati vilevile. Mbao mpya zilipopatikana, wawili hao walikuwa wamekwisha lala. Mvua zikaja, na makaburi yote mawili, kule upande wa Kasungami, yakabonyea na kuingia ndani. Watu wakalaumu udongo.

Jamali aliinama kwenye msumari wa pili. Ndipo waliposikia gurudumu.

Lilianzia juu kabisa ya mteremko, mahali pasipo na mtu. Lilishuka trrr, ubao kwa ubao, na kwenye ubao wa saba likasimama. Yassine, aliyekuwa akiokota misumari ya zamani sakafuni, aliiacha yote ikamwagika.

"Ulisikia?" alinong'ona.

"Ni panya," Jamali alisema.

"Panya ya magurudumu, Papa?"

Habiba hakungoja zaidi. Alikwenda mwenyewe kumwita Mwalimu Djuma, na baada ya sala ya alasiri mwalimu akafika na chetezo chake na msahafu, mtu mpole, kanzu imefuliwa hadi imekonda. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jua liliwaka nje, lakini ndani ya ukumbi mwanga uliishia hatua tatu kutoka mlangoni. Mwalimu alifukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Harufu ya kafuri ikauzidi ubani. Chini ya mteremko mtu akakohoa.

Habiba alishika mkono wa Yassine. Kikohozi kile walikijua.

"Hapana kuogopa," mwalimu alisema polepole. "Ule haiko baba yenu. Batu ya kufa habarudiake. Ni jini njo inabeba sauti yake. Kuko kitu inaomba." Akageukia giza. "Unataka nini?"

Kisha sauti ya mzee, imechoka, ikauliza:

"Ya kichwa iko wapi?"

"Kichwa gani?" mwalimu akauliza.

Jamali alitazama viatu vyake. Uso ulimwaka kana kwamba wote wanamwangalia, ingawa hakuna aliyemwangalia hata kidogo. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, na aliiacha ipite.

Yassine ndiye aliyejibu. "Mwalimu, ile njo niliulizaka siku ya kuzika baba." Akawasha tochi ya simu. "Naenda kuangalia chini."

"Hapana kuingia," Jamali alisema. "Yassine, mwanangu, hapana."

Lakini Yassine alikwisha tambaa. Walimsikia akisogea, magoti yakikwaruza sakafu, mwanga wa simu ukipenya katikati ya mbao.

"Papa Jamali," aliita. "Huku kumeandikwa. Ni maandishi yako. Kichwa. Mbili. Tatu."

Hapo mteremko ukaanza kushuka, si kwa kishindo bali taratibu, jinsi kaburi linavyobonyea mvua inapolilowesha, na udongo mwekundu usiokuwamo ukumbini ukawa unadondoka kutoka kwenye nyufa za mbao, na Yassine akalia mara moja kisha kilio chake kikazibwa, na mwalimu akasoma kwa nguvu na Habiba akavuta mbao kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu, na mbao hazikusikia aya wala kucha, zilizidi kushuka, na Jamali, aliyekuwa na mtaimbo mkononi muda wote huo, alijua kwamba mtaimbo hautasaidia kitu na alijua kitakachosaidia, na bado ulimi ulimkatalia mpaka alipoona mwanga wa simu umezimika.

"Ni miye," alisema. "Nilibebaka mbao ya mushikiti. Mchwa ilikuwa bongo, niliwadanganya. Baba yenu alilala chini ya bati sababu ya miye."

Mbao zikasimama.

Walimvuta Yassine kwa miguu. Alitoka akitema udongo, yu hai, macho yamemtoka. Jamali alitamani sakafu ipasuke immeze. Habiba hakupiga kelele. Alisimama mbele yake, vidole vikivuja damu.

"Baba alikuwaka anakuita ndugu," alisema. "Kila sikukuu alikuwa anakuwekea nyama yako pembeni."

"Ninajua, mama."

"Ni baba peke yake? Ao kuko bengine?"

Mwalimu Djuma alikuwa amepiga magoti kando ya Yassine, akimfuta uso kwa upindo wa kanzu yake. Jamali aliitazama mikono ile. Miaka sita amefuturu nyumbani kwa mtu huyu, Ramadhani baada ya Ramadhani, akimsikia akimwombea Djamila dua, na kuitikia amina. Aibu moja alikwisha itoa. Ya pili ilimkaa kooni.

"Peke yake," alisema.

Juu ya mteremko gurudumu likaanza kuzunguka. Likashuka ubao kwa ubao, bila haraka, hadi wa saba, na sauti iliyotoka chini yake mara hii ilikuwa ya mwanamke, ya upole, kama ya mtu anayeita watu waje kula.

"Na yangu, Jamali?"

Mwalimu aliacha kufuta. Msahafu ulikuwa karibu naye lakini hakuuchukua. Alibaki palepale magotini, ameshika upindo wa kanzu, na hakuutazama mteremko. Alimtazama Jamali.