Mduara Mmoja wa Nta

Mkoba ulirudishwa asubuhi.

"Fundi, chukua kitu chako," mteja alisema, akaushika mbali na mwili kama mtu aliyebeba panya mfu. "Umenitia rangi gauni zima. Tena unanuka chumba cha mgonjwa."

Fundi alicheka, maana fundi mzuri hucheka kwanza. Mkoba ule mwekundu alikuwa ameusafisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliondoa vumbi kwa brashi laini. Akajaribu kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo chini ya mfuniko, mahali ambapo pakiharibika hapaonekani, ndipo akapangusa kote. Akauanika kivulini, akaumalizia kwa nta ya nyuki. Ngozi iliyopakwa nta namna hiyo haitoi rangi hata ikinyeshewa.

Mteja alipokwenda zake, fundi alichukua kitambaa kipya, akapangusa upande mmoja. Kitambaa kilitoka chekundu. Akapangusa tena. Chekundu. Akakinusa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kilinuka kafuri, ile dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka marehemu mkewe kifuani.

Kulikuwa na jambo alilolijua yeye na Mungu wake tu. Siku mkewe alipofariki, fundi alikuwa karakanani, chumba cha mbele, akiupaka nta mkoba huu huu. Nta hupakwa kwa miduara midogo midogo, na ukiinua mkono katikati, inaganda na kuacha baka lisilotoka. Mkewe akaita kutoka chumba cha ndani, "Baba watoto, njoo." Naye akajibu bila kugeuka, "Subiri, nta itaganda. Nakuja."

Mkoba ulitoka safi. Alipoingia ndani, alimkuta mkewe ameuelekeza uso mlangoni, macho wazi, hayapepesi. Waliokuja kumpa pole walisema bila shaka amekwenda usingizini, kwa amani. Fundi aliinamisha kichwa, akawaacha waamini hivyo.

Sasa alikaa anapangusa, na vitambaa vyekundu vikajaa miguuni pake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja kumfagilia nyumba, alisimama mlangoni na ufagio.

"Shemeji, huo mkoba utautoa roho. Nikutafutie mke, kabla hujamposa pochi?"

"Niache nifanye kazi."

"Haya, nakuacha. Ila kwanza mwitikie huyo anayekuita."

Mkono wa fundi ukasimama. "Hakuna aliyeita."

"Usinifanye mtoto. Huko ndani, kuna mtu kasema 'baba watoto'." Kisha akasikiliza mwenyewe alichokisema, ufagio ukamponyoka, akanong'ona, "Shemeji... ile ni sauti ya dada."

Jua lilikuwa la utosi, barabarani watu wanapita na kusalimiana, na katika mwanga ule wa mchana mweupe harufu ya kafuri ilianza kutoka chumba cha ndani, kwanza nyembamba kama uzi, kisha nzito mpaka ikakaa kooni, na kitanda ambacho hakuna aliyekilalia tangu msiba kikalia kama kinavyolia mgonjwa anapojigeuza kutazama mlango, na sauti ikaja tena, ya upole, isiyolaumu, na huo upole ndio uliomtetemesha fundi kuliko laana yoyote: "Baba watoto, njoo."

Shemeji alimkimbilia mwalimu wa dua. Mzee huyo alipofika alimsikiliza fundi mpaka mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza kwa fundi kulisema lile neno la "subiri" mbele ya binadamu.

"Huyo si mkeo," mwalimu alisema polepole. "Mkeo yuko kwa Mola wake, hana haja ya kumwita mtu. Ila uliahidi utakwenda, hukwenda. Ahadi uliyoiacha wazi ni mlango, na jini hapigi hodi."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Rudia kazi ile ile. Akiita, inua mkono hapo hapo. Uharibike mkoba, iharibike na dunia. Nenda, useme umekuja. Mengine niachie."

Wakafanya hivyo. Mwalimu akasimama karibu na kitanda akisoma, shemeji akashika mlango wa nje, fundi akaanza miduara yake. Sauti ilipoita, moyo wake uliruka mara moja. Lakini mkono ule uliozoea kazi miaka yote ulikuwa katikati ya mduara, nao ukaumalizia. Mduara mmoja tu. Kisha akakimbia ndani, akaanguka kitandani akilia, "Nimekuja, mama watoto, nimekuja."

Kitanda kilikuwa baridi. Harufu ikapungua, ikaisha.

"Uliinua mkono hapo hapo?" mwalimu akauliza.

Fundi alimtazama mzee yule, jasho la dua likimtiririka usoni.

"Hapo hapo, mwalimu."

Mwalimu akamshukuru Mungu, akatoka. Fundi alibaki ameketi kitandani, akamsikia shemeji akipita karakanani kumsindikiza mgeni, sauti yake imechangamka tena: "Shemeji, mkono wako bado ni ule ule! Mkoba hauna hata baka!"

Mlango wa nje ukafungwa.

Fundi alitaka kusimama, miguu ikakataa, na kifua kikambana kama kilichowekewa jiwe, na kafuri ikaanza kupanda tena, safari hii ikitoka ndani ya shati lake mwenyewe, kwenye ngozi yake, naye akaugeuza uso kuelekea mlangoni kwa sababu hakukuwa na kwingine kwa kuugeuzia, akaita kwa pumzi iliyobaki, "Shemeji! Jamani, njooni!"

Karakanani, ambako hapakuwa na mtu, kitambaa kilikuwa kinasugua ngozi kwa miduara midogo midogo, bila haraka. Kisha sauti ikamjibu, nayo ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, ya mtu mwema aliyeshughulika, asiyegeuka:

"Subiri, nta itaganda. Nakuja."