Neno Aliloongeza Kasuku

Kila Jumamosi asubuhi mama yake Kasuku alikwenda kwenye karakana ya watu kuomba mashine. Alikuwa fundi wa kuchomelea, tena hodari, ila hakuwa na mashine yake mwenyewe. Ilimbidi angoje wenye mashine wamalize kazi zao, ndipo naye aunge dirisha lake au mguu wa kitanda. Binti yake alimsindikiza, amebeba vijiti vya kuchomelea. Jina la Kasuku alipewa nyumbani kwa sababu hakuna neno lililompita: akilisikia sokoni, lazima alifikishe jikoni. Tatizo ni kwamba njiani alilitia chumvi kidogo.

Jumamosi hiyo hawakwenda karakana. Mama alikuwa amedunduliza mpaka akapata cha kununulia vifaa vilivyotumika, na kibanda cha nyuma ya nyumba kilikwisha kusafishwa kiwe karakana yake. Wakaenda kwa muuzaji mmoja ambaye watu walimwita Bwana Safi, kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa safi, hata kutu.

Mama alianza na jiliwa, lile la kufungwa mezani ili likamate chuma. Akalifungua na kulifunga, akapitisha kidole kwenye meno ya jiliwa hilo. Kisha akaiwasha grinda ya kukatia chuma, akaisikiliza inavyozunguka. Vyote viwili akavikubali. Mwisho wakafika kwenye mashine ya kuchomelea, sanduku la chuma la kijani lililobabuka rangi. Mama akavaa glavu na viatu vyake vya raba, akaunga vipande viwili vya chuma. Mshono ulitoka umenyooka. Hata hivyo aliinama akakagua waya, akauliza iweje plagi iwe mpya na mashine iwe kuukuu. Bwana Safi akajibu kwamba plagi ya zamani ilivunjika tu, mashine yenyewe ni safi.

Wakubwa walipokuwa wakivutana juu ya bei, Kasuku alisogea kwa mjukuu wa Bwana Safi, mtoto mdogo aliyekaa juu ya kopo la rangi. Mtoto akainyooshea mashine kidole.

"Hiyo inapiga sana," akasema.

Kasuku alifurahi kupita kiasi. Alimwona mama yake bado anasitasita, naye alitaka mno wawe na karakana yao, wasishinde tena kwenye vumbi la watu. Akageuka, akasema kwa sauti, "Mama, hata mjukuu wake anasema mashine inapiga kazi sana."

Mama akacheka. Bwana Safi, aliyekuwa amesikia maneno ya watoto wote wawili, alikohoa, akajifuta uso, akasema kama mtoto amekwisha sema, yeye aongeze nini. Mama akalipa.

Kesho yake alasiri mvua kubwa ilinyesha. Jirani aliyeagiza dirisha alikuwa amekuja kulichukua, amekaa barazani anangoja. Mama alikuwa kibandani anamalizia. Ndani, Kasuku alikuwa akipiga pasi sare yake ya shule, na bibi yake anashona kifungo kando yake.

"Angalia hiyo pasi, mjukuu wangu," bibi akasema. "Leo inapiga. Shika kwa kitambaa."

Pasi hiyo kila mtu nyumbani aliijua. Ukiishika vibaya, umeme ulikupanda mpaka begani. Kasuku akachukua kitambaa, na mkono wake ukabaki hewani. Inapiga. Yule mtoto hakusema inapiga kazi. Kazi aliiongeza yeye.

Akatazama dirishani. Paa la kibanda lilikuwa linavuja, sakafu imelowa, na mama alikuwa amekwisha kuvua glavu na viatu vya raba, amebaki na kandambili. Alikuwa anasogeza vitu vyake visilowe. Mashine ya kijani ilikuwa pembeni, bado imechomekwa kwenye umeme.

Kasuku aliogopa, na woga wake ulikuwa wa namna mbili. Akisema, mama atajua kwamba alimdanganya, na jirani atasikia. Asiposema, mama anaweza kupigwa na umeme. Labda mtoto alikusudia kazi kweli. Labda anyamaze tu. Lakini mama aliweka grinda juu ya meza, akageukia mashine.

"Mama, usiishike," Kasuku aliita kwa nguvu zote. Mvua ilikuwa inapiga bati, sauti yake haikufika popote. Mama akainama. Kasuku akaiacha pasi, akakimbilia swichi kuu kando ya mlango, akaivuta chini.

Nyumba ikaingia giza. Punde mama akatokea mlangoni amelowa, akauliza nani amezima umeme. Kasuku akasema ni yeye.

"Mteja amekaa pale ananingoja, wewe unacheza na swichi?"

"Yule mtoto hakusema inapiga kazi, mama. Alisema inapiga, basi. Neno kazi niliongeza mimi."

Mama akageuka, akaitazama mashine kule kibandani. Akavaa viatu vya raba vikavu, akachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini inayowaka ikigusa umeme, akarudi kibandani, akasimama juu ya ubao mkavu na kuagiza umeme uwashwe. Alipoligusa sanduku kwa ncha ya testa, taa ikawaka. Mama akazima kila kitu, akakaa juu ya ndoo.

"Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono," akasema.

Mvua ilipokatika waliirudisha mashine. Bwana Safi akaruka kimanga: yeye hakusema uongo wowote, aliyesema ni mtoto wa mama mwenyewe.

"Kweli aliongeza neno," mama akajibu, "na amelirudisha mwenyewe. Wewe ulijua inapiga watu, ukanyamaza. Mjukuu wako anacheza hapa hapa."

Bwana Safi akamtazama mjukuu wake, akainamisha kichwa. Alikiri kwamba mtoto aliwahi kupigwa na umeme wa mashine hiyo. Kwa gharama yake akaleta waya mpya, na mama akalifungua sanduku mwenyewe pale pale. Waya wa ndani ulikuwa umechubuka unagusa chuma. Waya wa ardhi, ambao ungeupeleka umeme huo chini, ulikuwa umekatwa plagi ilipobadilishwa. Mama akarekebisha vyote viwili bila haraka.

Alipomaliza akamwita Kasuku karibu.

"Fundi anaishi kwa maneno ya wenzake," akamwambia. "Akiambiwa umeme umezimwa, anashika. Neno la mtu lilete kama lilivyo. Usipolielewa, uliza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, hata kama mteja anasikia."

Akapanda juu ya ubao mkavu uliokuwapo hapo, akawasha mashine, akaligusa sanduku kwa testa, macho yake ameyaelekeza kwa binti yake.

"Taa inawaka?"

Kasuku akainama, akaitazama taa upande huu na upande ule, akiikinga mwanga kwa viganja.

"Haiwaki," akasema.

Mama akaweka kiganja kitupu juu ya mashine.