Fyuzi ya Nne

Gona wa Mjambere tunamjua sote, kwa hivyo asije mtu akaniambia nimemzulia. Ni fundi wa umeme wa magari. Gereji yake ni lile banda la mabati nyuma ya uwanja wa kanisa, na mdomo wake ni mkubwa kuliko banda lenyewe. Ukimpelekea gari, kwanza atamtukana fundi aliyemtangulia. Halafu atakutukana wewe uliyemwamini fundi huyo. Hapo ndipo atakapofungua boneti.

Jumamosi hiyo alikuwa vilevile. Alikuwa amekaa juu ya tairi anakula mahamri, hana neno na mtu, mara gari likaja linavutwa kwa kamba. Lilikuwa gari la spoti la zamani, milango miwili, boneti refu, limepakwa rangi nyeupe mpya hadi linaumiza macho. Mwenyewe aliitwa Chrispine, mtu wa bara, karani huko bandarini. Alinunua bodi tupu kwenye yadi ya vyuma vikuukuu Changamwe, akalijenga upya kwa miaka miwili, kipande kwa kipande.

"Fundi, fyuzi ya nne ndiyo inanisumbua," alisema. "Ile ya taa za breki. Naweka mpya, nikikanyaga breki tu, paa! Imeungua. Mafundi watatu wameshindwa."

"Hao si mafundi, ni wachuuzi wa nyaya," Gona akamjibu. "Hiyo ni shoti. Mahali fulani waya umechubuka na unagusa bodi. Kwangu mimi shoti haijifichi. Kesho jioni njoo uchukue gari lako."

"Sawa, lakini usinifungie waya wa shaba mahali pa fyuzi, ndugu yangu. Nasikia gari huungua hivyo."

Gona alitema mate kando. "Umekuja kunifunza kazi?"

Chrispine akaomba radhi, akaenda zake. Mahamri yaliyobaki Gona aliyatupia kuku.

Jumapili Gona haendi kanisani. Mwaka wa tisa sasa haendi, na mkewe Velma alishachoka kumwuliza. Asubuhi ile Velma alivaa leso yake ya kwaya, akamwambia, "Baba Kadzo, nitakuletea chakula nikitoka," naye Gona akaguna tu, akachukua sanduku lake la vifaa na kwenda gereji.

Kila fundi wa umeme ana taa yake ya kupimia. Ya Gona ni balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Kazi yake haina maneno mengi: unatoa fyuzi, unaweka taa mahali pake. Kama kuna shoti, taa inawaka. Unaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja, na ukichomoa chenye kosa, taa inazima. Alikuwa nayo tangu ujana wake, na wateja wakimbishia alikuwa akiwaambia, "Wewe unaweza kunidanganya. Hii taa haidanganyi."

Siku nyingi Velma ndiye humkanyagia breki. Leo hayupo, kwa hivyo Gona alibana ubao kati ya kiti na pedali, akaweka taa kwenye tundu la nne la kisanduku cha fyuzi, kando ya injini. Ikawaka. Vizuri. Akachomoa taa ya nyuma ya kulia. Ile ya kupimia bado inawaka. Akachomoa ya kushoto. Bado. Akatoa swichi ya breki yenyewe, akaiweka mfukoni. Taa haikupungua hata kidogo.

"Mshenzi wewe," aliliambia gari.

Akaenda mbele, akalegeza vichwa vya betri. Akainyanyua betri kwa mikono miwili, akaitua chini mchangani, hatua tano kutoka kwenye gari. Alipogeuka, akasimama.

Taa ilikuwa inawaka.

Ng'ambo ya uwanja kwaya ilikuwa inaimba, jua la saa tano limeyapiga mabati hadi yanalialia. Mchana mweupe. Gona alisogea polepole, akaitoa taa kwenye tundu. Ikazima. Akainama atazame ndani ya kisanduku cha fyuzi. Kisanduku kilikuwa kipya, kingali na kibandiko cha dukani. Lakini katika tundu la nne, ambalo dakika iliyopita halikuwa na kitu ila taa yake, palikuwa na waya wa shaba. Umezungushwa mara tatu, mkia wake umekunjwa kurudi nyuma.

Mkono wa fundi ni kama mwandiko wake. Hakuna mwingine Kisauni nzima anayekunja mkia wa waya namna ile. Ule ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Akachukua bisibisi, akakwaruza ile rangi nyeupe chini ya mlango. Chini ya nyeupe, masizi. Chini ya masizi, nyekundu.

Alilijua basi. Lilikuwa gari la Munga.

Munga alikuwa kaka yake Velma, na gari lile jekundu alilikodisha kubebea maharusi. Miaka tisa iliyopita, Jumamosi moja, bibi harusi anangoja Mtopanga, fyuzi ya nne ikawa inaungua na kuungua. Gona aliitafuta shoti saa nzima, hakuiona, na Munga anampigia kelele. Akakata waya wa shaba, akauzungusha mara tatu, akaubana mahali pa fyuzi. "Nenda," akamwambia. "Ukirudi tutaitafuta." Munga akapiga honi mara mbili, kama ilivyokuwa ada yake, akaondoka. Fyuzi ni ya kukatika ili gari lisiungue. Shaba haikatiki. Gari lilishika moto kabla halijafika Mtopanga, milango ikakataa kufunguka, na Munga akafia ndani.

Siku ya matanga wazee walimwita Gona, maana yeye ndiye fundi. Mzee Kahindi akamwuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, ni umeme huu?"

Naye Gona akasema, "Nyaya zilikuwa sawa. Hii si kazi ya umeme, wazee. Hii ni kazi ya mtu."

Mtu nani? Macho yote yakamgeukia Kanze, mke wa marehemu, aliyegombana na mumewe usiku uliotangulia hadi majirani wakasikia. Hakupewa hata nafasi ya kumaliza kulia. Mchawi! Alifukuzwa pamoja na watoto wake wawili, cherehani yake ikatupwa kisimani, na aliyemrushia jiwe la kwanza alikuwa Velma. Mwaka uliofuata Velma akaolewa na Gona. Alisema anamtaka kwa sababu, katika watu wote wale, ni yeye peke yake aliyesema kweli.

Ndiyo siri aliyokuwa amelala nayo kitanda kimoja miaka minane. Velma akiijua, hana mke tena.

Gona aliung'oa ule waya, akautupa mtaroni. Alikata shauri papo hapo: ataweka fyuzi mpya, atamwambia mteja limepona, na gari liondoke Mjambere leo hii. Akampigia simu Chrispine.

"Njoo ulichukue," alisema. "Nimekagua kila kitu. Nyaya ziko sawa."

Taa ya kupimia ilikuwa juu ya paa la gari, nyaya zake mbili zinaning'inia hewani. Ikawaka. Si kidogo. Iliwaka kwa ukali hadi akaziba macho.

Simu ikamtoka mkononi. Na alipoinama kuiokota, akasikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake.

"Nikukanyagie breki, Baba Kadzo?"

Velma. Ametoka kanisani, bakuli la wali ameliweka juu ya pipa, ameshaketi kwenye usukani na kuusukuma ubao kando kwa mguu, kama afanyavyo siku zote. Alikuwa anatabasamu. "Gari zuri. Lingekuwa jekundu ningesema la marehemu kaka."

"Toka."

"Una nini?"

"Velma, toka humo!"

Velma akashika kitasa. Akakivuta. Akakivuta tena. Kile kishikio cha kushushia kioo kikawa kinazunguka bure mkononi mwake.

Honi ikalia. Mara mbili.

Betri iko chini mchangani. Gona aliiona kwa macho yake. Akauvamia mlango, akavuta kwa nguvu zote, mguu ameukita kwenye bodi. Haukutikisika. Akachukua nyundo, akakipiga kioo. Nyundo ikarudi. Akapiga tena. Hata alama hakuna. Ndani, kutoka chini ya dashibodi, uzi mwembamba wa moshi ulianza kupanda.

Harufu aliijua. Plastiki ya waya inayoyeyuka. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye nguo za Munga.

Akakimbilia kisanduku cha fyuzi. Tundu la nne. Shaba. Mizunguko mitatu, mkia umerudi nyuma, na sasa ni nyekundu kwa moto. Akaishika kwa vidole vyake, ngozi ikababuka, akaing'oa, akaitupa. Akatazama. Ipo. Akaing'oa tena. Ipo.

Velma alikuwa anakohoa. Kiganja chake amekibandika kwenye kioo. Midomo yake inasema jambo. Ng'ambo ya uwanja watu walikuwa wakicheka na kuagana, na hakuna aliyegeuza kichwa.

"Shemeji," Gona alinong'ona. "Munga. Nisamehe. Mwachie dada yako."

Moshi ukazidi.

"Ilikuwa bahati mbaya!"

Ukazidi. Sasa uso wa Velma hauonekani, ni kile kiganja tu.

Na hapo ndipo Gona, yule mwenye mdomo mkubwa, alipopiga magoti kwenye mchanga wenye oili, akaweka kinywa chake kwenye kioo. Alijua anachokitoa. Akakitoa.

"Velma, ni mimi! Nilifunga waya wa shaba mahali pa fyuzi. Ni mimi niliyemwua kaka yako. Kanze hakufanya kitu. Kanze hakufanya kitu!"

Tik. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Velma alitoka kwa kutambaa. Nguo zake hazina masizi, leso yake hainuki moshi. Chini ya dashibodi nyaya zilikuwa mpya, zinang'aa, hazijaguswa na moto. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa tupu. Ni vidole vya Gona tu vilivyokuwa vimeungua.

Velma aliketi mchangani. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Nilimpiga jiwe," alisema. "Wifi yangu. Nilimpiga hapa." Akagusa paji la uso wake. "Siku ile, wazee walipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Gona angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini alikuwa ameshaokoa uhai wa mkewe, akataka kuokoa na ndoa.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, mke wangu, siku ile sikujua. Nilikuja kufikiri baadaye."

Juu ya paa la gari, taa ikawaka.

Wote wawili waliitazama. Velma aliijua taa ile. Miaka minane amekanyaga breki, anaiangalia inawaka na kuzima, anamsikia mumewe akiwaambia wateja neno lake lilelile, kwamba haidanganyi. Akainuka. Akaichukua, akaziviringisha nyaya zake, akaitia ndani ya bahasha ya nyimbo za kwaya. Bakuli la wali aliliacha pale juu ya pipa.

Chrispine alilichukua gari lake jioni ile, na sijasikia fyuzi yoyote imeungua tena. Velma alishuka soko la Kongowea, akamtafuta Kanze katikati ya magunia ya viazi mpaka akampata, ana kovu kwenye paji la uso. Waliyosemezana ni yao. Wanauza pamoja sasa, na juu ya meza yao, kwenye mti wa kibanda, ile taa imetundikwa. Nyaya zake hazijafungwa popote. Wapagazi huwatania: mbona taa yenu haina umeme?

Gona alistahimili wiki tatu bila mke. Ya nne akaenda, amevaa shati la pasi, kuku mkononi. Soko zima likageuka kumtazama. Kanze hakumtukana. Alifuta mikono kwa leso, akamwuliza kwa upole, "Umekuja kwa lipi, fundi?"

"Nimekuja kwako wewe, Mama," Gona akasema, macho yake yakiwa kwa Velma. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Kanze aliinua uso wake juu kwenye ile taa, na Velma akainua wake, na wapagazi nao, na wauza vitunguu. Gona peke yake ndiye aliyebaki ameinama. Lakini hakuhitaji kutazama. Aliuona mwanga ukiwaka juu ya vidole vyake vilivyoungua.