Gunzi Ndani ya Bomba

Koki ilikohoa mara moja, ikatema vumbi na utando wa buibui, kisha ikanyamaza.

Watu walioizunguka walingoja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwisho wa Oktoba 1981. Ngano ilikuwa imeshavunwa, vuli haijanyesha, na kila mama wa kitongoji cha chini huko Mbulumbulu alikuja na ndoo au debe, wengine wamevaa gauni za kanisani kabisa. Bartolomeo, mwenyekiti wa kijiji, aliizungusha tena ile koki. Hakuna kitu.

"Labda maji yamesinzia njiani," alisema mzee mmoja, na watu wakacheka. Walicheka kwa sababu walikuwa bado hawajaamini.

Kila mwaka, vuli ikikaribia, mwenyekiti alisimama mbele ya kijiji kutoa taarifa ya kazi. Vuli iliyopita Bartolomeo alisema, "Nikisimama tena hapa, kina mama wa chini watakuwa wanachota maji mlangoni." Mkutano wa mwaka huu ulikuwa kesho yake, Jumapili baada ya ibada. Taarifa yenyewe ilikuwa hayo maji.

Sylvesta, kamanda wa mgambo, alikusanya vijana wake wakapanda kulifuata bomba kuelekea msitu wa Ngorongoro. Nyuma yao alikuja Marsela, mjane wa fundi Martini, ambaye watu walimwita Mama Evarista kwa jina la binti yake. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyemkataza.

Karibu na njia ya ng'ombe walikuta majani yamefunuliwa na udongo umechimbwa. Chini, lile bomba jeusi la plastiki lilikuwa limeachanishwa kwenye kiungo, na ncha ya upande wa juu imezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kipande cha gunia. Hatua chache kutoka hapo, juu ya jiwe, alikaa kijana wa Kimaasai akiangalia ng'ombe wake.

"Wewe ni nani?" alifoka Sylvesta.

"Lengai. Wa Malambo. Mama yangu ni Nareyu, anayeuza maziwa kwenu."

"Tangu lini uko hapa?"

"Tangu jua litoke."

"Basi umeshajijibu. Ng'ombe wako wana kiu, ukatuvunjia bomba."

"Mimi nilikuta hivi hivi, baba."

"Matundu haya udongoni ni ya fimbo. Nani hapa anatembea na fimbo?"

Vijana walimfunga mikono kwa kamba. Mmoja aliinama ang'oe gunzi, lakini Bartolomeo, aliyekuwa amefika akihema, alimzuia. "Msiguse! Ni ushahidi huo. Polisi waje waone." Alisimama kati yao na shimo, na watu wakadhani ni hasira.

Lengai alifungiwa kwenye ghala la kijiji. Sylvesta alitangaza kwamba mkutano ukiisha tu, atapelekwa polisi Karatu, na ng'ombe wake watazuiwa kulipia hasara.

Mchana Nareyu alikuja kwa Marsela na kibuyu chake cha maziwa, akakiweka chini bila kukifungua. Walijuana tangu wakiwa wasichana, mmoja na maziwa, mwingine na mahindi, wakikutana kwenye ukingo wa msitu kabla hata ya vijiji kupangwa. Miaka ile hakuna aliyepima. Ulijaza kibuyu cha mwenzako, naye akajaza kapu lako, mkaulizana habari za watoto.

"Mama Evarista," alisema Nareyu, "wakichukua ng'ombe, sisi tumekwisha. Na wakimchukua Lengai, hao ng'ombe wa nini?"

Marsela alisali Salamu Maria moja kimyakimya, akajifunga kitenge. "Twende kwanza tukaangalie."

Pale penye shimo alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua maharage.

"Ng'ombe walikunywa wapi?" aliuliza.

"Hawajanywa. Tangu jana."

"Nami naona hivyo. Hapa pakavu. Hakuna tope, hakuna kwato. Mchungaji akifungua bomba, ni ili ng'ombe wanywe. Huyu amefungua, halafu akaziba. Hakutaka hata tone lipotee."

Aligeuza bonge la udongo. Kila bonge lilikuwa limekatwa vizuri na kupangwa pembeni, majani juu, tayari kurudishwa mahali pake. Udongo mweusi uliwekwa kando, mwekundu wa chini kando.

"Lengai anajua kulima?"

Nareyu alicheka, ingawa macho yalikuwa na machozi. "Lengai? Kwetu ardhi haichimbwi. Ni ya majani. Hata jembe lenyewe hajui lishikwe upande gani."

"Na sime anayo?"

"Iko kiunoni kila siku."

"Basi angechimba kwa sime." Marsela aliingiza kidole kwenye mojawapo ya yale matundu. Lilikuwa la duara, limechongoka kwa chini, pana mara mbili ya fimbo ya kuchungia. Ukutani mwa shimo hapakuwa na alama ya jembe hata moja. Mkulima, mwenye kupanga udongo kwa heshima namna ile, alikuwa amechimba kwa mti uliochongwa ncha.

Na sababu yake aliijua.

Mzee Hhando alikuwa amezikwa juzi tu. Pale mtaani kwao, mtu akizikwa, chuma hakiingii ardhini mpaka majivu ya matanga yazolewe. Majembe yote yanalala. Mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa mpwa wa marehemu, alipita nyumba hadi nyumba kuwakumbusha watu.

"Shika hapa," Marsela alimwambia Nareyu, akaling'oa gunzi.

Maji yalitoka. Yalitoka membamba kama uzi wa kushonea, yakadondoka mkononi mwake. Aliyatazama. Siku walipofungulia chemchemi mara ya kwanza, maji yale yale yalimwangusha Martini chali, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Alilirudisha gunzi mahali pake.

Alipotoka hapo alikwenda gulioni kwa Marijani, mfanyabiashara kutoka Karatu aliyekuwa na punda wa kubeba maji ya kuuza. Watu wengine walikuwa wameshaanza kumtaja.

"Mama Evarista! Shikamoo. Umekuja kunikamata?"

"Marahaba. Ningekukamata, ningekuja na kamba. Maji yakifika kijijini, punda wako watakula nini?"

"Watabeba ngano. Au nitawafundisha Kiingereza, wawatembeze wazungu wanaokuja kuona kreta ya Ngorongoro." Alicheka, kisha akawa mtu wa makini. "Wallahi, mama, sijafika huko juu. Na ningetaka kuharibu bomba, ningechukua sururu, dakika mbili nimemaliza."

"Hata kama kuna matanga?"

"Matanga ya nani? Mimi hayo majembe kulala sikuyajua mpaka juzi, nilipouza jembe nikafukuzwa kama mwizi."

Marsela alitikisa kichwa. Mtu ambaye mwiko si wake hauogopi.

Jioni alipitia matanga kusali rozari na wafiwa. Nyumba ya Hhando ilikuwa ya zamani, nusu yake imezama ndani ya kilima, na moshi umeipaka rangi kuanzia dari. Kando ya mlango ulisimama mti wa kuchimbia, mzito, umelainishwa na mikono. Hhando aliuchonga ujanani, wakati majembe ya chuma yalikuwa ya wachache. Watoto wote wa mtaa walimwona akipandia maharage kwa mti ule, akiimba, hata baada ya kununua jembe.

Ncha yake ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi bado. Na pale kwa Hhando, kuanzia kizingitini mpaka bondeni, udongo ni mweusi.

Nani aliuchukua? Mtaa mzima ulilala matangani. Lakini Marsela alikuwa na swali jingine, aliyechimba alijuaje kuwa pale kuna kiungo, na hilo alijua jibu lake tangu asubuhi, ila alitamani liwe na jibu lingine. Alisali matendo yote ya uchungu, na jibu likabaki lile lile.

Jumapili alfajiri majivu yalizolewa, na watu wakaenda kanisani. Baada ya ibada walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Lengai alitolewa ghalani, mikono imefungwa, akaketishwa chini. Marsela alifika mwisho, amebeba kitu kirefu kilichofunikwa kitenge.

Bartolomeo alisimama. Alikuwa amenyoa ndevu, ila macho yalikuwa mekundu.

"Ndugu wananchi. Taarifa yetu ya mwaka huu. Shule imepata darasa. Zahanati imeezekwa. Kuhusu maji, nyote mmejionea. Tulikuwa tumefika. Mkono wa mtu umeturudisha nyuma."

"Apelekwe polisi!" walipiga kelele watu wa nyuma.

"Naomba kuuliza, Mwenyekiti," alisema Marsela.

"Uliza, shemeji."

"Pale palipochimbwa, kuna kiungo?"

"Kipo. Mmekiona."

"Viungo vyote vya bomba hili tuliviwekea jiwe jeupe juu, fundi asihangaike. Pale pana jiwe?"

"Hapana."

"Sylvesta, wewe ulifika wa kwanza. Kulikuwa na shimo jingine, la kutafuta?"

"Moja tu, mama. Limeshuka wima mpaka kwenye kiungo."

"Basi aliyechimba alijua. Sasa nawakumbusha siku ya kuchimba mtaro. Kila nyumba kumi na kipande chao, tunaimba, makande yanachemka. Kipande chetu bomba likapungua. Martini wangu akaunga kipande kilichobaki, akakifunga kwa tyubu ya baiskeli. Mwenzake mmoja alimsaidia kuvuta, na mimi nilishika ncha. Tulicheka sana. Yule mwenzake akasema, 'Tusiweke jiwe hapa, watu watasema kijiji kina bomba la viraka.' Shemeji, unakumbuka ni nani alisema?"

Upepo ulipitisha vumbi katikati ya mkutano.

"Tulikuwa watatu," aliendelea Marsela. "Martini yuko makaburini. Mimi nipo hapa."

"Mama Evarista!" alifoka mzee mmoja. "Unamsema mwenyekiti?"

"Namuuliza, mzee wangu. Kumsema bado." Alimgeukia tena Bartolomeo. "Shimo lilichimbwa kwa mti, wakati majembe yamelala. Marijani angechimba kwa sururu. Huyu kijana angetumia sime. Ni mmoja wetu, aliyeogopa kumkosea Hhando. Mti wa Hhando una udongo mwekundu nchani. Na gunzi nimeling'oa jana, Bartolomeo. Nimeyaona maji."

Aliposikia hilo la mwisho, Bartolomeo alikaa. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye vumbi, mbele ya watu waliomchagua.

"Chemchemi imekauka," alisema. "Tangu Agosti nakwenda kuitazama. Yaliyobaki yakishuka, yanafika kwenye koki iliyo karibu na nyumba yangu, yanakwisha hapo hapo. Mlichimba kwa mikono yenu, mkatoa mbuzi, halafu mseme Bartolomeo amejiletea maji nyumbani? Nikasema, nizibe kwa siku chache tu. Mvua ikinyesha chemchemi itajaa, nitakwenda kufungua, mtasema fundi amerekebisha. Nilikuwa naisubiri mvua, basi."

"Na jembe?" aliuliza Sylvesta, kana kwamba hilo ndilo lililomshinda kabisa. "Unaharibu bomba la kijiji, halafu unaogopa jembe?"

"Nililibeba alfajiri, nikafika nalo mlangoni. Nikakumbuka mjomba bado hajapoa. Ndiye aliyenilea. Nikalirudisha, nikachukua mti wake, ila mti huchimba polepole; kukapambazuka kabla sijafukia."

Akina mama wawili watatu walianza kulia. Nareyu hakulia. "Na mwanangu?" aliuliza.

Bartolomeo aliinua macho. "Huyo sikumpanga, mama. Nilipofika pale nilimkuta ameshafungwa, nikanyamaza. Nimelala usiku kucha nimenyamaza."

Aliinuka, akamwendea Lengai na kufungua kamba mwenyewe, fundo likimsumbua. Lengai alisugua vifundo vya mikono, akatazama upande wa msitu. "Ng'ombe wangu wamekunywa?"

"Walinyweshwa kwangu jana jioni," alisema Marijani kutoka nyuma. "Punda wangu wamebeba madebe mpaka wamenuna. Na nyote mliokuwa mnanitaja, nimewasikia."

Wengine walicheka, kwa aibu. Kisha mabishano yakaanza. Wapo waliotaka polisi, na wapo waliotaka fedheha ile itoshe. Bartolomeo mwenyewe aliyakata. "Chagueni mwingine. Lakini kabla sijaondoka niacheni nisome taarifa yangu vizuri, maana nilianza vibaya. Maji hayatoshi. Hayatafika chini mwaka huu, labda mpaka masika. Hiyo ndiyo taarifa." Na watu waliomjua walisema baadaye kwamba miaka yote hawakuwahi kumsikia akisema jambo kwa maneno machache hivyo.

Marsela alikuja mbele, akaondoa kitenge. Ndani yake kulikuwa na jembe kuukuu, mpini wake umeng'aa kwa mikono ya mtu mmoja.

"La Martini," alisema. "Majivu yameshazolewa, shemeji. Nenda kaunge kiungo, kisha ufukie."

Bartolomeo alilipokea kwa mikono miwili.

"Na safari hii," alisema Marsela, "weka jiwe."