Niandike na Mimi, Mwamvua

— Hebu nioneshe miye niko wapi hapo.

Mwamvua alifunika fomu kwa kiganja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mteremko wa pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu, amevaa fulana ya kujitolea juu ya gauni. Mimi, mchumba wake, nilisimama mbele yake na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mpunga, jasho linanidondokea hadi kwenye ndala.

— Miraji, niache nifanye kazi.

— Siku ya nne hii napita mbele yako. Niko wapi?

— Hupo, akasema kwa sauti ya chini. — Fomu inataka wanaopanda. Anayesukuma wanamhesabu mtembea kwa miguu.

Mwaka ule wa 1999 wataalamu walikuja kutoka Dar, wanataka kujua baiskeli ngapi zinateremka pale, ili wapange barabara ya kwenda kwenye daraja litakalojengwa. Waliomba vijana wa kujitolea kwa wiki moja, malipo fulana na soda. Ikwiriri nzima, wa kwanza kunyoosha mkono akawa mchumba wangu, aliyekuwa anaishi pale kwa shangazi yake. Mama alishaanza maneno, eti msichana gani aliyeposwa anashinda barabarani akiwakodolea macho wanaume. Nikamtetea. Halafu naona Ridhiwani, mwalimu mwenye shati la pasi, anaandikwa mara mbili kwa siku, na mimi ninayehangaika na mpunga tangu alfajiri si kitu. Iliniuma, sitaki kudanganya.

— Kama kwenye karatasi yako sipo, ndani ya nyumba nitakuwa nani?

— Wasipoona baiskeli, watajenga njia ya magari peke yake. Umesahau lori lilivyokukwangua mkono?

— Chagua. Nikikuona tena hapa kesho, Mzee Shaabani atavuka kwenda Muhoro kwa baba yako.

Mzee Shaabani ndiye mshenga aliyepeleka posa yangu. Wote wawili tulijua safari hii atakwenda kuivunja. Mwamvua alichora kijistari cha baiskeli iliyokuwa inapita, kama vile sikuwepo.

Kesho yake alfajiri nikamwona anapita kwetu na kiti chake kichwani. Nikamgongea Mzee Shaabani, nikamtuma. Akatangulia na baiskeli yake, mimi nikafuata na mzigo, hasira zimenijaa kifuani. Nilipofika juu ya mteremko nikasema leo ataniandika, atake asitake. Nikapanda, magunia yote mawili nyuma yangu.

Breki zilishika kidogo tu, kisha zikaacha. Nilianguka hatua chache kabla ya kiti chake, gunia moja likapasuka, mpunga ukamwagika njia nzima. Mwamvua aliacha kila kitu akaja mbio, akatandika kanga yake, akaanza kuzoa.

Gari la msimamizi wa wale wataalamu likafika hapo hapo. Alikuta kiti kitupu, akachukua ubao wenye fomu za siku zote tano, akazigeuza. Nyuma ya kila fomu palijaa vijistari.

— Hivi ni nini?

— Wanaosukuma, akasema Mwamvua.

— Nani kakutuma?

— Hizo nazo ni baiskeli. Huyu kapanda na mzigo sasa hivi, umeona alipoishia.

— Na hiki chenye duara, kila siku cha kwanza?

Mwamvua aliendelea kuutazama mpunga.

— Huyo mchumba wangu. Ndiye ninayeanza naye.

Msimamizi akasema fomu zimechafuliwa, atatafuta mtu mwingine. Akaondoka nazo, na siku tano za jua kali zikaenda na gari lile. Mwamvua akalia kwa hasira. Nilishindwa hata kumtazama.

— Nimekosa, Mwamvua. Nakupenda, na nimefanya upumbavu.

— Mzee Shaabani kapita saa moja, akasema. — Amepanda. Nimemwandika.

Alijua mzee anakwenda kufanya nini, na bado alimwandika.

— Pantoni imekwama kwenye mchanga tangu asubuhi, akaongeza, akijifuta uso. — Bado yuko chini. Kama unataka kumwahi, kimbia.

Nilikimbia. Nilimkuta mzee amekaa anatafuna muhogo wa kuchoma. Nikamwambia avuke vilevile, ila akaombe tarehe ya harusi. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba nimezipata sasa hivi.

Niliporudi juu, Mwamvua alikuwa amefunga gunia kwa kanga yake, anaiegemeza baiskeli kwa bega. Nikashika usukani, yeye akashika nyuma kuizuia isituponyoke. Tukateremka taratibu, tukafika kwenye kile kiti, hakuna mtu.

— Leo hakuna wa kutuandika, nikasema.

— Sukuma, Miraji. Weye nimeshakuhesabu.