Ruzuku Ilibaki, Nafasi Ikaenda

Dobi wa hospitali aliingia kazini kabla jua halijakaza. Mashuka ya wodini yalimjia mafurushi kwa mafurushi. Aliyaloweka, akayafikicha, akayasuuza, akayaanika. Mikono yake ilichubuka kwa dawa ya madoa, lakini hakulalamika. Binti yake wa pekee alikuwa chuoni akisomea uuguzi. Alisoma kwa ruzuku, yaani fedha ambayo serikali huwalipia watoto wa wasiojiweza, wala hairudishwi.

"Mama Nesi," wenzake walimtania, "wewe ukizeeka utachomwa sindano bure!"

Naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumamosi moja alirudi nyumbani akakuta sanduku la binti yake mlangoni.

"Mwanangu, mmefunga chuo?"

"Hapana, mama. Redio imesema ruzuku zinapunguzwa kwenye bajeti. Nimejitoa kabla sijafukuzwa."

"Umejitoa vipi?"

"Nimejaza fomu. Na ufunguo wa bweni nimerudisha."

Mama alijikalia juu ya lile sanduku.

"Basi," alisema. "Sisi ni nani hata tubishane na serikali? Mwenye nguvu mpishe."

Wiki mbili nyumba ilikuwa kama ya wafiwa. Binti alilala ameuelekea ukuta.

Kisha jirani yao, karani mstaafu wa halmashauri, alikuja kuazima pasi. Akaona vitabu vimefungwa kamba.

"Kulikoni, dada?"

"Ruzuku imekatwa, kaka."

"Nani kasema imekatwa? Imependekezwa tu! Bajeti si mvua, kwamba ikinyesha tunakimbilia barazani. Inaandikwa na watu. Kabla haijapitishwa, kamati ya bunge huita wananchi watoe maoni. Ni siku chache tu. Asiyekwenda huonekana ameridhika."

"Mimi dobi nitasema nini huko?"

"Sema yanayokupata. Andika jina lako, ruzuku imemfaa nani, na ikiondoka kutatokea nini. Karatasi moja yatosha. Nakala mpelekee mbunge wako."

Akamgeukia binti. "Nawe, mwanangu, hukuomba kuahirisha masomo?"

"Kwani kuna kuahirisha?"

Mzee alivitazama vile vitabu.

"Anayeahirisha huwekewa nafasi yake. Anayejitoa, nafasi hupewa mwingine."

Binti alifunika uso kwa viganja.

Siku ya maoni, mama alikwenda pamoja na wazazi wengine. Alipoitwa, alisimama.

"Waheshimiwa, mimi nafua mashuka ya wagonjwa. Mafurushi yale hufungwa na wauguzi. Zamani walifunga wawili wawili. Siku hizi anafunga mmoja, tena huku anakimbia. Mkiwatoa watoto hawa chuoni, kesho mtauguzwa na nani?"

Mwenyekiti aliandika.

Bajeti ilipopitishwa, ruzuku haikuguswa. Wazazi walikumbatiana njiani. Watoto wao walibaki madarasani. Lakini binti wa dobi, alipoomba kurudi, alijibiwa kwa barua fupi: nafasi yake imekwisha kujazwa. Akitaka, aombe upya na aanze mwaka wa kwanza.

Akapata kibarua cha kufua pamoja na mama yake. Siku moja wanafunzi waliosoma naye darasa moja walikuja hospitalini kwa mafunzo, sare zao zimenyooka. Walipomwona walimkimbilia, wakamsalimu. Aliwaitikia vizuri, akatabasamu. Walipoondoka, aliinamia beseni kitambo kirefu bila kufua chochote.

Maombi mapya yalipoanza kupokelewa, mama na binti waliketi mezani na fomu. Swali moja liliuliza: Je, umewahi kusoma katika chuo chochote?

Binti akaandika: Ndiyo. Mwaka mmoja na nusu.

Kalamu ikasimama. Machozi yakaanza kumdondoka. Mama akaivuta fomu pembeni kidogo, isilowe. Akangoja.

"Haya, mwanangu," akamwambia taratibu. "Nisomee linalofuata."