Mgeni wa Digrii Mia Tisa

Mstari ule haukuwa na haki ya kuwapo, kwa sababu sahani ya tanuri ilikuwa tupu.

Mtafiti aliutazama kwenye skrini kwa hasira. Kazi yake ilikuwa kupasha moto vipande vya metali zilizochanganywa, ndani ya mashine ya eksirei, na kusoma jinsi chembe zake zinavyojipanga upya. Kila mpangilio huchora mistari yake. Mstari wasioujua walikuwa wakiuita mgeni.

"Leo mgeni kaja bila mzigo," alisema kaka yake, fundi wa tanuri, mtu ambaye utani haukumtoka mdomoni hata msibani.

"Zima, kaka. Sahani tupu haichori kitu."

Pakanuka nywele zilizoungua. Kisha kitu kikagonga ndani ya tanuri, kwenye moto wa digrii mia tisa: ngo, ngo, ngo. Kiligonga taratibu, kwa adabu zote.

"Karibu ndani," fundi akaitikia akicheka. Mjinga yule.

Mstari ukatoweka kwenye skrini. Kicheko kikakatika. Fundi akashika ukingo wa meza, rangi ya meza ikaanza kututumka chini ya vidole vyake, na mtafiti aliyemkimbilia akarudishwa nyuma na joto lililokuwa likimtoka kaka yake mwilini, macho yamemwiva kama makaa, huku harufu ile ya nywele ikijaa chumbani.

"Maji," sauti ilinong'ona. "Nimwagie maji baridi, dada. Nakufa."

Alimpenda kaka yake kuliko kazi na vyeti vyake vyote. Akanyakua ndoo ya maji ya barafu, ile ya kupozea vipande, akammwagia yote.

Mvuke ulipopungua, fundi alikuwa amesimama wima, hana hata jeraha. Ndipo akili ikamrudia mtafiti. Metali ukiiacha ipoe polepole, hurudia mpangilio wake wa zamani. Ukiipoza ghafla, mpangilio wa moto hunaswa humo humo. Hilo aliwafundisha wanafunzi kila mwaka. Na kaka yake, tangu utotoni, hakuwahi kumwita dada, alimwita Kifupi.

"Kaka?" aliita.

"Asante, dada," alijibu yule aliyesimama, akinyoosha vidole kimoja kimoja. "Sasa niende nyumbani. Mke wangu na watoto wananisubiri."

Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwake, na alishafika mlangoni.